Kilio na Shukrani Mbele ya Madhabahu Moja

Mada iliyotolewa katika Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika
Somo la msingi: Ezra 3:10–13



UTANGULIZI

Kutimiza miaka mia moja ni neema kubwa. Watoto wamebatizwa, vijana wamepata Kipaimara, ndoa zimebarikiwa, na watakatifu wamesindikizwa kaburini kwa Neno la Mungu. Hakuna kizazi kimoja kinachoweza kujisifu kwa kazi hiyo yote. Kwa sababu hiyo ni haki na wajibu kwamba Usharika umtolee Mungu sadaka ya shukrani.

Hata hivyo, Jubilei hii haikuja katika wakati mwepesi. Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 uliambatana na maandamano na vurugu katika miji kadhaa ya Tanzania. Watu waliuawa. Amri ya kutotoka nje usiku ilitangazwa Dar es Salaam, mawasiliano ya intaneti yakazimwa, na wazazi wengi wakakaa siku kadhaa wasijue watoto wao wako wapi. Idadi ya waliokufa ikawa jambo la kubishaniwa, lakini msiba wenyewe hakuna aliyeukana. Tarehe 9 Desemba 2025 hata sherehe za Uhuru hazikufanyika kama ilivyo desturi.

Basi swali linalosimama mbele ya Usharika ni hili: je, yafaa kupiga tarumbeta wakati jirani amekaa matanga? Na kama yafaa, yafaa kwa namna gani?

Majibu mawili huja upesi. Jibu la kwanza husema kwamba yaliyopita si ndwele. Watu wafute machozi, waimbe, wala asiwepo wa kuharibu sherehe kwa kutaja wafu. Jibu la pili husema kwamba shukrani katika wakati wa namna hii ni dharau kwa wafiwa, hivyo ni afadhali Kanisa linyamaze kabisa. Kila jibu lina chembe ya ukweli ndani yake, lakini yote mawili yanapungukiwa na Injili. Mada hii inakusudia kuonyesha kwamba imani ya Kikristo haimtaki mtu achague kati ya kilio na shukrani. Inamtaka avilete vyote viwili mbele ya Mungu yule yule, katika ibada ile ile.

1. SAUTI MBILI KATIKA MSINGI MMOJA

Hekalu la Sulemani lilibomolewa na majeshi ya Babeli mwaka 587 K.K., na watu wakachukuliwa uhamishoni. Baada ya Koreshi mfalme wa Uajemi kuwaruhusu kurudi, waliorudi waliweka msingi wa nyumba mpya. Kitabu cha Ezra kinasimulia kwamba siku hiyo makuhani walisimama na panda zao, na Walawi wakashika matoazi. Lakini wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, na wakati huo huo wengine wengi walipaza sauti kwa furaha. Sauti hizo zilichanganyikana hata watu wasiweze kupambanua ipi ni ya furaha na ipi ni ya kilio; na kelele hiyo ikasikiwa mbali.

Mambo matatu yanafaa kuangaliwa kwa makini katika habari hiyo.

Kwanza, hakuna aliyewanyamazisha wazee. Zerubabeli hakuwaambia kwamba wanawavunja moyo vijana. Yeshua kuhani hakuwahesabu kuwa watu wa imani haba. Kilio chao kilipokewa kama sehemu ya ibada.

Pili, waliolia ndio waliokuwa na kumbukumbu. Walikuwa wameiona nyumba ya kwanza, wakaijua thamani ya kilichopotea. Jamii isiyolia huwa imesahau, au imelazimishwa kusahau. Kwa hiyo machozi ya wazee yalikuwa ushuhuda: yaliwaambia vijana kwamba jiwe hilo jipya linawekwa juu ya majivu.

Tatu, waliofurahi nao hawakukemewa. Msingi ulikuwa umewekwa kweli. Rehema ya Mungu ilikuwa imeonekana kweli. Kuikana kwa sababu ya huzuni kungekuwa uongo, kama vile kuikana huzuni kwa sababu ya furaha kungekuwa uongo.

2. USHUHUDA WA MAANDIKO MENGINE

Mtu anaweza kudhani kwamba habari ya Ezra ni ya pekee. La hasha. Takribani theluthi moja ya Zaburi ni nyimbo za maombolezo. Nyingi kati yake huanza kwa kulalamika na kuishia kwa kusifu, kama Zaburi ya 13 na ya 22. Lakini Zaburi ya 88 huanza gizani na kuishia gizani, wala haina neno la shukrani mwishoni. Pamoja na hayo, watu wa Mungu hawakuiondoa katika kitabu chao cha sala. Waliiacha ili siku mwamini atakapokosa nguvu ya kushukuru, asidhani kwamba amekosa na mahali pa kusimama mbele za Bwana.

Bwana Yesu mwenyewe ni kielelezo. Katika Injili ya Yohana sura ya 11, alifika kaburini kwa Lazaro akijua atakalolifanya; hata hivyo alilia. Mistari michache baadaye aliinua macho akamshukuru Baba. Machozi na shukrani vilitoka katika moyo mmoja, siku moja, mbele ya kaburi moja. Kama Mwana wa Mungu, aliyejua kwamba Lazaro atatoka, hakuona aibu kulia, nani atamlaumu mama asiyejua hata mwanawe amelazwa wapi?

Mtume Paulo naye anafundisha vivyo hivyo. Katika 1 Wathesalonike 4:13 hawakatazi waamini kuhuzunika. Anawakataza kuhuzunika kama watu wasio na matumaini. Tena katika sura ya 5, mstari wa 18, anaagiza kushukuru. Agizo hilo limewaumiza wengi kwa sababu neno “kwa” katika tafsiri ya Kiswahili iliyozoeleka laweza kusikika kama “kwa ajili ya”, kana kwamba mfiwa anaamriwa amshukuru Mungu kwa ajili ya risasi iliyomuua mtoto wake. Katika Kiyunani Paulo ametumia neno lenye maana ya “katika”. Mkristo hushukuru akiwa katika kila hali. Haagizwi kuushukuru uovu. Mauaji hubaki kuwa uovu, na Mungu huchukizwa nayo. Anayeshukuru katikati ya uovu huo hausifu. Anakiri tu kwamba uovu haukuweza kumwondoa Mungu mahali pale.

3. MAFUNDISHO YA MSALABA

Kwa Walutheri jambo hili lina mizizi ya kina. Mwaka 1518, katika mjadala wa Heidelberg, Martin Luther alitofautisha aina mbili za wanateolojia. Mwanateolojia wa utukufu huita uovu wema, na wema huuita uovu, kwa kuwa anataka kumwona Mungu katika nguvu na mafanikio peke yake. Mwanateolojia wa msalaba hukiita kitu kwa jina lake halisi. Ni fundisho zito kwa Kanisa lililo katika nchi yenye jeraha. Shukrani inayodai kwamba hakuna kilichotokea ni mali ya teolojia ya utukufu. Kanisa la msalaba huita kifo kifo, na dhambi dhambi; kisha, likiwa bado limesimama mahali pale pale pa kifo, humtangaza Mungu aliyekuja kukutana na wanadamu hapo.

Luther hakuyafundisha hayo kwa midomo tu. Tarehe 20 Septemba 1542 binti yake Magdalena alikufa akiwa na umri wa miaka 13. Siku chache baadaye Luther alimwandikia rafiki yake Justus Jonas. Alikiri kwamba yeye na mke wake Katharina walipaswa kumshukuru Mungu kwa furaha, kwa kuwa mtoto alikuwa ameuacha ulimwengu wenye taabu; lakini upendo wa mzazi ulikuwa na nguvu mno, wasiweze kushukuru pasipo kulia na kuugua moyoni. Huyo ndiye mwalimu mkuu wa neema. Hakungoja machozi yakauke ndipo ashukuru, wala hakuyahesabu machozi yake kuwa upungufu wa imani.

4. MCHUNGAJI WA EILENBURG

Katika sherehe nyingi za Kilutheri duniani huimbwa wimbo wa shukrani uitwao kwa Kijerumani “Nun danket alle Gott”, uliotungwa na Mchungaji Martin Rinkart. Wengi huuimba kama wimbo wa watu walioshiba. Maisha ya mtunzi wake yanasema vingine.

Rinkart alizaliwa mwaka 1586 Eilenburg, mji mdogo ulio karibu na Leipzig, na alisoma Leipzig, mji ambao karne kadhaa baadaye ulituma wamisionari Kilimanjaro. Alirudi Eilenburg kuwa mchungaji mwaka 1617. Mwaka uliofuata vilianza Vita vya Miaka Thelathini, ambavyo havikwisha hadi mwaka 1648. Kwa kuwa mji wake ulikuwa na kuta, wakimbizi walifurika humo. Na pamoja nao zikaja njaa na tauni. Katika mwaka 1637 pekee watu walikufa kwa maelfu. Mchungaji mkuu wa mji aliondoka asirudi, wengine wakafa, na Rinkart akabaki kuwa mchungaji wa kuwazika wote. Siku nyingine alizika watu 40 au 50. Inakadiriwa kwamba mwaka huo alizika watu zaidi ya 4,000, na miongoni mwao alikuwamo mke wake mwenyewe. Baadaye jeshi la Waswidi lilipoudai mji huo thaler 30,000, alitoka kwenda kumsihi kamanda wake. Na mwishowe kiasi kilichodaiwa kikapunguzwa kuwa sehemu ndogo tu.

Wimbo wake wa shukrani ulitungwa katika miaka ya vita hivyo, kabla ya amani ya mwaka 1648. Inaelezwa kwamba mwanzoni ulikuwa sala ya mezani kwa ajili ya watoto wake. Hilo ni jambo la kutafakari. Katika nyumba yenye chakula kidogo, katika mji wenye makaburi mapya kila asubuhi, baba aliwafundisha watoto wake kushukuru kabla ya kula. Hakuwafundisha kwamba vita ni vyema. Aliwafundisha kwamba vita si Mungu. Naye huyo huyo aliyewafundisha kushukuru ndiye aliyezika wafu, akawagawia wenye njaa alichokuwa nacho, na akasimama mbele ya jeshi kuwatetea watu wake. Shukrani yake ilikuwa na mikono na miguu.

5. HISTORIA YA NYUMBANI

Historia ya Kanisa la Kilutheri chini ya Kilimanjaro na Meru nayo imeandikwa kwa wino wa aina mbili. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893. Oktoba 1896 wawili kati yao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, katika Meru. Kanisa limewakumbuka daima, na ni haki. Lakini baada ya vifo vyao serikali ya Kijerumani iliwaadhibu Wameru na Waarusha kwa ukali mkubwa, na majina ya wengi waliokufa katika adhabu hiyo hayakuandikwa. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Inaaminika kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na wazao wake wameendelea kukitafuta hadi karne hii.

Injili ilipandwa katika udongo huo. Mkristo wa leo anamshukuru Mungu kwa Neno lililoletwa na wamisionari, shule walizofungua na wagonjwa waliowatibu. Papo hapo anaomboleza kwa ajili ya waliouawa na dola iliyotoka katika taifa lile lile. Anayetaja shukrani pekee hulifanya Kanisa kuwa wakili wa wakoloni. Anayetaja kilio pekee huwasahau babu na bibi waliolisikia Neno, wakaliamini kwa hiari yao, na kulifanya kuwa mali yao.

Ndivyo ilivyokuwa pia katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Maelfu kwa maelfu ya Waafrika walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, na wengi hawakurudi. Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini, isipokuwa wachache waliokuwa na uraia mwingine, na wengi wao hawakupata njia ya kurudi hadi miaka ya katikati ya 1920. Katika kipindi hicho walimu na wainjilisti wenyeji waliendelea kufundisha, kuhubiri na kuzika wafu, na Walutheri wa Marekani wakaja kusaidia. Mwaka 1939 vita vingine vilipoanza, Wajerumani wakaondolewa tena, na Kanisa likasimama tena. Sharika zinazotimiza miaka mia moja wakati huu zililelewa na watu hao. Hawakuwa watu wasiojua msiba. Walijenga huku wakiwa na makaburi nyuma ya nyumba. Kwa subira yao yakakomaa makanisa saba yaliyoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

6. WAJIBU WA USHARIKA WAKATI HUU

Kutokana na hayo, mambo manne yanahitajika kwa Usharika unaotaka kushukuru bila kusema uongo.

La kwanza ni kutaja wafu. Katika ibada ya shukrani, kabla ya sadaka, wafiwa wapewe nafasi, majina yasomwe na ukimya utunzwe. Wasipangwe kwa vyama wala kwa upande waliosimama siku ile. Kijana aliyeandamana ana mama. Askari aliyeuawa ana mama. Mfanyabiashara aliyekuwa akirudi nyumbani ana mama. Mbele ya madhabahu mama haulizwi kwanza mwanawe alikuwa wa upande gani.

La pili ni kuwaendea waliokosa kaburi la kulilia. Desturi za watu wa nchi hii humpa mfiwa mambo mengi: majirani hukaa naye, hupika na kulala uani. Lakini mfiwa asiye na mwili wa kuzika hukosa hata siku ya kuanzia msiba. Wazee wa Kanisa na akina mama wa Usharika wasingoje kuitwa katika nyumba ya namna hiyo. Waende, wakae, wala wasiharakishe kusema.

La tatu ni kuipenda kweli na haki. Shukrani haiwezi kuchukua nafasi ya haki, na rambirambi haiwezi kuchukua nafasi ya kweli. Amani inayojengwa juu ya woga wa kuuliza ni ukuta uliopakwa chokaa isiyokorogwa vema, kama nabii Ezekieli alivyoonya katika sura ya 13. Kanisa linaloiombea serikali kila Jumapili ndilo linalopaswa pia kuisihi, kwa heshima na bila kuchoka, ijibu maswali ya wafiwa. Aidha, Kanisa halina ruhusa ya kuwafundisha vijana wake chuki. Anayelipiza kisasi hajawaombolezea wafu wake; amewaongezea wengine.

La nne ni kukusanyika Mezani pa Bwana. Paulo anakumbusha katika 1 Wakorintho 11 kwamba Bwana Yesu alitwaa mkate na kushukuru katika usiku ule ule aliosalitiwa. Usaliti ulikuwa tayari chumbani, na kifo cha kuonewa kilikuwa karibu mlangoni. Naye hakujifanya kwamba Yuda hayupo, wala hakuiacha shukrani kwa sababu ya Yuda. Ndiyo maana Kanisa la kale likaiita Meza hiyo Ekaristi, yaani shukrani. Kila mara mwamini anapopokea mwili uliovunjwa na damu iliyomwagika, anapokea kilio na shukrani katika kipande kimoja cha mkate.

HITIMISHO

Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Hawakumaanisha kwamba kifo ni furaha. Walimaanisha kwamba watu wakikusanyika pamoja, mzigo hupata mabega mengi. Hilo ndilo Jubilei inaloweza kuwapa wafiwa wa nchi hii: mabega mengi, na jina la Mungu ambaye hajawaacha.

Basi tarumbeta zipigwe. Kwaya ziimbe. Sadaka itolewe kwa moyo mkunjufu. Na mama atakayelia katikati ya wimbo asitolewe nje, wala asiambiwe anyamaze. Ajiraniwe na mwimbaji aliye karibu naye, na wimbo uendelee. Wapita njia wakisikia kutoka barabarani wasiweze kupambanua ipi ni sauti ya furaha na ipi ni ya kilio, Usharika utakuwa umeabudu kwa kweli.

Mungu, Baba wa rehema na Mungu wa faraja yote, awafariji wafiwa, aiponye nchi, na alilinde Kanisa lake katika miaka mia nyingine. Amina.